Tatizo Kwanza, Mada Baadaye: Mwongozo wa Kuwafundisha Sayansi Wanafunzi Wenye Vipaji

Kila mkondo una watatu au wanne wa aina hiyo. Hujamaliza kuandika swali ubaoni, wao wana jibu. Ukigawa vifaa vya maabara, wenzao wanatafuta bomba la kupimia wakati wao wanauliza kama waanze kuosha vyombo. Sisi walimu tuna dawa mbili za zamani kwa watoto hawa: "ongeza maswali kumi" na "wasaidie wenzako". Ya kwanza ni adhabu ya kuwahi. Ya pili ni kazi yangu, ambayo mimi ndiye ninayelipwa mshahara kuifanya.

Nimefundisha kemia muda wa kutosha kujua kwamba hawa hawahitaji maswali mengi zaidi. Wanahitaji swali litakalowashinda. Mtoto ambaye tangu darasa la kwanza jibu lake la kwanza huwa sahihi hajawahi kujifunza afanye nini jibu la kwanza likiwa bovu. Siku likimtokea chuoni, mbali na nyumbani, atadhani amekuwa mjinga ghafla. Ni heri limtokee kwako, Kidato cha Tatu, ukiwa umesimama pembeni.

Mbinu ninayoieleza hapa inageuza mpangilio tuliouzoea. Badala ya kufundisha mada kisha kutoa maswali, unaanza na tatizo lenye vurugu, ambalo wanafunzi hawana maarifa ya kulitatua, na mada inafundishwa pale wanapoililia. Ilianzia katika chuo cha udaktari cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada, mwaka 1969: wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikaa katika vikundi vidogo mbele ya kisa cha mgonjwa kabla ya kuhudhuria mihadhara ya ugonjwa wenyewe. Baadaye ikaingia sekondari, na shule za wenye vipaji ziliipokea mapema. Mojawapo ni Illinois Mathematics and Science Academy, shule ya bweni ya umma iliyofunguliwa Marekani mwaka 1986. Kwetu Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na shule mbili za Tabora ndizo zinazotajwa kama za vipaji maalum, lakini mwongozo huu nauandika nikimfikiria zaidi mwalimu wa shule ya kata mwenye wanafunzi sitini, ambao wanne kati yao wanaangalia dirishani.

Sitaeleza kwa nadharia. Nitachukua tatizo moja, maji yenye floraidi (kitu cha asili ambacho kikizidi hutia meno madoa) kwenye miteremko ya Mlima Meru, na kulipitisha mwanzo hadi mwisho.

Kuchagua tatizo

Usilichanganye na mradi. Katika mradi umeshafundisha asidi na besi, ndipo unasema "tengenezeni bango". Hapa hujafundisha chochote. Usilichanganye pia na yale maswali ya mwisho wa sura kuhusu mkulima Juma, ambayo kila namba iliyotajwa ni lazima itumike na hakuna namba iliyokosekana.

Mimi hulipima tatizo kwa mambo manne. Je, kuna mtu halisi anayeumia? Je, majibu yanayokubalika ni zaidi ya moja? Je, njia ya kulitatua inapita ndani ya muhtasari, au nitalazimika kumdanganya mkuu wa taaluma? La nne ndilo linalolitenga tatizo la watoto wenye vipaji na mengine: jibu linaloruka kwanza kichwani ni lazima liwe kosa, na kosa hilo lionekane kwa kalamu, karatasi na vifaa tulivyonavyo. Tatizo ambalo jibu la kwanza la mwerevu linatosha halina kazi kwake. Atalimaliza kwa dakika kumi na kurudi dirishani.

Floraidi inapita majaribio yote manne. Anayefika Arusha na Arumeru hahitaji kuambiwa. Meno yenye madoa ya kahawia yanaonekana sokoni, kanisani, kwenye daladala. Na majibu ya kwanza, yaani kuchemsha, kuchuja kwa mkaa na kutia chokaa, yote yanaanguka, kila moja kwa sababu yake.

Litatue mwenyewe kwanza

Hatua hii walimu wengi huiruka, kisha wiki ya pili wanajikuta wanajibu "tutaangalia". Kaa jioni mbili na tatizo lako. Kwa floraidi, mambo ya kuwa nayo mfukoni ni haya.

Floraidi inatoka kwenye miamba ya volkano. Maji yanayopita ndani ya miamba ya Meru na Kilimanjaro huibeba, na kwa kuwa maji hayo yana sodiamu na bikaboneti nyingi lakini kalsiamu kidogo, hakuna cha kuikamata floraidi isiendelee na safari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, ndipo ikashuka kwenye 1.5. Usiwaambie wanafunzi kwa nini. Waache waulize nchi inawezaje kukubali kiwango kikubwa hivyo, hadi mmoja agundue kwamba ukishusha namba bila kuwa na chanzo kingine, umefunga mabomba ya watu.

Madoa ya meno huingia wakati jino linajengwa bado ndani ya fizi, yaani katika miaka kama minane ya kwanza ya maisha. Mtu mzima aliyehamia Arusha juzi hatapata meno ya kahawia. Kunywa kiwango kikubwa kwa miaka mingi ndiko kunakofika kwenye mifupa.

Sasa mitego. Kuchemsha: floraidi haipai na mvuke. Lita 3 zenye miligramu 6 kwa lita zikichemka hadi zikabaki lita 2, kila lita sasa ina miligramu 9. Mama aliyefuata ushauri wa kliniki wa kuchemsha maji kwa ajili ya kuhara ameongeza floraidi kidogo bila kujua. Na ushauri ule ulikuwa sahihi! Huu ndio utamu wa tatizo hili.

Mkaa: watoto watasema mkaa unasafisha maji. Mkaa wa kuni hauigusi floraidi kwa kiasi cha maana. Unaofanya kazi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na haufanyi kazi kwa sababu ni mweusi. Mfupa umejengwa kwa madini ya kalsiamu na fosfeti yenye haidroksaidi ndani yake. Ioni ya floraidi ina ukubwa unaokaribiana sana na wa haidroksaidi na ina chaji ileile, kwa hiyo inaingia kwenye kiti cha mwenzake na kukaa. Ni jambo lilelile linalotokea kwenye jino la mtoto. Mwanafunzi akiliona hilo peke yake, kwamba ugonjwa na dawa ni mmenyuko mmoja, utamwona anasimama bila kuombwa. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi kilichopo Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi hii ya mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Mfupa ukichomwa kwa joto dogo maji yananuka, joto likizidi mno uwezo wa kukamata unapungua. Nyuzi 400 hadi 500 za selsiasi ndizo zinazotafutwa.

Chokaa: huyu ni mtego wa mwerevu kuliko wote, maana una kemia sahihi. Kalsiamu na floraidi hutengeneza chumvi isiyoyeyuka, ikatulia chini. Sawa. Lakini "isiyoyeyuka" ni neno la Kidato cha Pili. Chumvi hiyo huyeyuka kidogo, na ukifanya hesabu kwa thamani ya zao la uyeyukaji wake (Ksp), 3.45 × 10⁻¹¹, iliyomo kwenye majedwali, maji safi yaliyokaa na chumvi hiyo hubaki na floraidi karibu miligramu 8 kwa lita. Kijiji chenye miligramu 6 hakijafika hata mahali chumvi inapoanza kutulia. Utaongeza kalsiamu? Ili kushusha hadi 1.5 unahitaji karibu miligramu 220 za kalsiamu kwa lita zikiwa zimeyeyuka, na ukizileta kwa chokaa maji yatakuwa na pH ya kama 12, yaani besi kali. Huwezi kumpa mtu anywe. Zaidi ya hapo, bikaboneti iliyopo itaila kalsiamu yako kabla haijafika kwa floraidi. Hesabu hii kwenye muhtasari inakaa juu, kidato cha tano na sita. Nimeiona ikifanywa na binti wa Kidato cha Tatu aliyekuwa na hasira ya kutaka kuokoa chokaa yake.

Yapo pia majibu ambayo si ya maabara. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabika. Ukichanganya ndoo 1 ya miligramu 6 na ndoo 3 za mvua unapata 1.5. Maji ya kunywa na kupikia ni sehemu ndogo tu ya yanayochotwa, kwa hiyo huna haja ya kusafisha ya kufulia. Ipo njia ya shabu na chokaa kwa pamoja, inayoitwa kwa jina la mji wa Nalgonda wa India. Na magadi! Yale yanayotiwa kwenye makande na maharage yaive haraka yanaweza kuwa yamebeba floraidi yao wenyewe. Haya ya magadi yafiche. Yana siku yake.

Andika barua

Tatizo lisiingie darasani kama kichwa cha somo. Liingie kama barua, na wanafunzi wawe na cheo: kamati ya wataalamu iliyoombwa ushauri. Mimi huichapa kwa mtindo wa ofisi zetu na kuigonga kitu kinachofanana na muhuri:

"YAH: OMBI LA USHAURI KUHUSU MAJI YA KISIMA KIREFU. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kijiji chetu kilichimbiwa kisima kirefu miaka kumi iliyopita. Maji ni mengi, ni meupe na hayana chumvi, na akina mama wanayasifu kwa kutoa povu jingi la sabuni. Hata hivyo wazazi wa shule ya msingi wanalalamika kwamba watoto waliohamia na wazazi wao kutoka mikoa mingine meno yao ya mbele yanaota yakiwa mazuri, ila wadogo zao waliozaliwa hapa yanaota na madoa. Wazee wanasema ni rangi ya mto. Kamati ina fedha kidogo, na mkutano wa kijiji uko baada ya wiki tatu. Tunaomba mtushauri: tukifunge kisima au tufanyeje?"

Barua hiyo haina neno floraidi. Ukiliandika, umemaliza nusu ya somo. Tazama pia zilivyopandwa dalili: povu la sabuni ni ushahidi wa kalsiamu kuwa kidogo. Suala la kaka na wadogo ni ushahidi wa umri. Rangi ya mto ni njia ya kupotea, na inashawishi, maana Arumeru kuna mto na mji unaoitwa Maji ya Chai. Iwekee barua dalili mbili za kweli na moja ya uongo. Zaidi ya hapo inakuwa kitendawili cha redioni.

Siku ya kwanza

Chukua vipindi viwili vilivyoungana. Soma barua kwa sauti, gawa nakala, kisha chora ubaoni safu tatu: *Tunajua nini? Tunahitaji kujua nini? Tutajuaje?* Na unyamaze.

Kunyamaza huku ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Watakutazama. Wale wanne wa dirishani watatoa jibu ndani ya dakika tano: "Mwalimu, wachemshe." Usiseme ndiyo, usiseme hapana. Liandike kwenye safu ya pili likiwa swali: "Je, kuchemsha kunaondoa kinachosababisha madoa?" Hapo umemfanyia mwerevu jambo ambalo huenda hajawahi kufanyiwa, yaani jibu lake limegeuzwa kuwa dhana inayosubiri ushahidi.

Kwenye safu ya kwanza kuwa mkali. Mtu akisema "tunajua maji yana sumu", muulize imeandikwa mstari wa ngapi. Haijaandikwa. Inahamia safu ya pili. Watoto wenye vipaji wana tabia ya kusoma yasiyoandikwa na kuyaapia, na sijapata zoezi jingine linaloliponya hilo haraka kama safu hizi tatu.

Kuhusu lugha: sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mtihani ni Kiingereza. Lakini siku ya kwanza waache wabishane kwa Kiswahili, hata kwa Kimeru kama wote wanakijua. Ripoti ya mwisho wataiandika kwa Kiingereza. Wazo likilazimishwa kuzaliwa katika lugha ambayo mtu anaihesabia vitenzi vyake, huzaliwa limedumaa.

Jambo moja la kutunza. Darasani mwako wamo wenye meno ya kahawia. Kabla ya barua, zungumza nao pembeni, waambie kinachokuja, na waulize kama wako radhi. Siku ya kwanza sema wazi kwamba meno ya mtu yeyote humu hayatakuwa kielelezo bila mwenyewe kutaka. Mara mbili nimeona mwanafunzi wa aina hiyo akigeuka kuwa mtaalamu mkuu wa kikundi, kwa sababu swali lilikuwa la kwake. Ila ni yeye aamue.

Vikundi

Watano watano. Kama una darasa zima la mchanganyiko, waweke wenye vipaji pamoja katika kikundi kimoja au viwili kwa kazi hii. Najua tumezoea kuwatawanya kama chumvi. Ukiwatawanya, kila mmoja anageuka mwalimu msaidizi, na hakuna anayembishia. Wakikaa pamoja, kwa mara ya kwanza kuna mtu anayemwambia "hiyo hesabu yako umesahau kuzidisha kwa mbili".

Watagombana. Wengine watataka kufanya kila kitu peke yao kwa sababu ni haraka zaidi. Hapa mimi huweka sheria moja tu, na inatosha: wakati wowote naweza kumwita yeyote wa kikundi aeleze kazi ya mwenzake, na alama ni ya wote. Bingwa asiyemwelewesha mwenzake anapoteza.

Wiki ya pili: kutafuta na kupima

Sasa maswali ya safu ya pili yagawanywe. Nani anakwenda maktaba, nani anatumia kompyuta ya ofisi, nani anamuuliza mwalimu wa baiolojia jino linavyojengwa. Somo la kawaida linaingia hapa, na linaingia kwa kuombwa: "Mwalimu, tunahitaji kujua maji magumu ni nini." Unafundisha dakika ishirini, kama kawaida, kwa chaki. Mbinu hii haikatazi kufundisha. Inakataza kufundisha kabla ya njaa.

Floraidi yenyewe shule nyingi haziwezi kuipima, na usijidanganye kwa rangi za kiini macho. Wanafunzi wachukue sampuli kwenye chupa za plastiki, si za kioo, maana floraidi na kioo havipatani, kisha ziende maabara ya maji. Andika barua mapema ukiomba msaada. RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza mwaka 2019, una ofisi wilayani. Ukikosa kabisa, wape matokeo uliyoyatunga wewe na uwaambie umeyatunga.

Linalowezekana shuleni ni jaribio la sabuni. Maji ya kisima, ya bomba la mji na ya mvua, kila moja kwenye bomba la kupimia, matone ya maji ya sabuni, tikisa, hesabu matone hadi povu lidumu. Maji ya kisima yatapovuka upesi. "Kumbe povu jingi ni floraidi!" watashangilia. Subiri. Maji ya mvua nayo yamepovuka upesi, na hayana floraidi. Usiseme kitu. Waache wakae na matokeo yao mawili yanayogombana mpaka wenyewe wafike kwamba povu linaonyesha kalsiamu haipo, na kukosekana kwa kalsiamu kunaipa floraidi nafasi kama ipo, lakini hakuileti. Tofauti kati ya vitu viwili kuandamana na kimoja kusababisha kingine wengine huijua wakiwa chuo kikuu. Hawa wameipata kwa kipande cha sabuni.

Hesabu ya mvua nayo ni tamu. Milimita moja ya mvua juu ya meta mraba moja ya bati ni lita moja. Paa la meta mraba 100, mvua ya milimita 800 kwa mwaka, ondoa sehemu ya tano inayopotea: lita 64,000. Shule ya watoto 400, lita moja kwa siku, siku kama 190 za masomo: lita 76,000. Imepungua kidogo. Ongeza paa la jiko? Au wapewe wadogo tu, wa chini ya miaka minane, ambao ndio meno yao yako hatarini? Mvua yenyewe inakuja masika na vuli, kwa hiyo swali la kweli ni ukubwa wa tangi, na tangi ndilo linalokula fedha. Waachie waende dukani kuuliza bei.

Usalama: kuchoma mifupa kufanyike mbali na madarasa, mtu mzima akiwepo. Chumvi za floraidi za maabara wasizishike, na kamwe asidi isikutane na floraidi iliyokolea. Jaribio hilo halina nafasi shuleni.

Ulimi wa mwalimu

Wakati wote huu unazunguka na maswali machache: Umejuaje? Nani angekupinga, na angesema nini? Kama ungekuwa umekosea, ungeona nini? Namba hii inamaanisha ndoo ngapi? Hili la mwisho ndilo ninalolipenda. Wenye vipaji hukimbilia alama za hesabu na kumsahau mama mwenye ndoo.

Ukitaka kujikumbusha kwa nini unazuia ulimi, mkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa Kidato cha Tatu Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, akihofia kukosa nafasi, na wake ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganya mambo, na baadaye "fizikia ya Mpemba" ikawa mzaha wa darasa. Aliuliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, alipokuja kuhadhiri Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Wenzake walicheka. Osborne aliporudi alimwagiza fundi wa maabara ajaribu, na mwaka 1969, mwaka uleule McMaster walioanza mbinu yao, wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia bado wanabishana kama jambo lenyewe ni kweli. Aliyemjibu kwa haraka alikuwa mwalimu wa kawaida kama mimi, na nakiri ningemjibu vilevile.

Barua ya pili

Katikati ya wiki ya pili, kikundi cha wenye vipaji kitakuwa kimeridhika: mkaa wa mifupa, tumemaliza. Hapo unaleta barua ya pili.

Kijiji kinashukuru, lakini baadhi ya waumini wanauliza mifupa imetoka kwa mnyama gani na nani alimchinja. Kaya iliyojaribu kichujio mwaka jana inasema maji yalikuwa mazuri, sasa haijui kama bado kinafanya kazi, kwani floraidi haina ladha wala rangi. Na mtoto wa nyumba inayotumia maji ya mvua pekee tangu azaliwe naye ana madoa. Mama yake anauza makande.

Makande. Tega sikio, uone ni nani atasema "magadi" kwanza. Kwa uzoefu wangu mara nyingi si yule bingwa wa hesabu. Ni yule anayepika nyumbani.

Barua hii ndiyo inayoitenganisha kazi ya wenye vipaji na ya wengine. Vikundi vingine vinaweza kuishia barua ya kwanza na vikawa vimejifunza vya kutosha. Hawa walazimishe kubomoa walichojenga.

Kuwasilisha na kutoa alama

Wiki ya tatu wawasilishe mbele ya mtu asiye mwalimu wao: mjumbe wa kamati ya maji, muuguzi wa zahanati, mzazi fundi bomba. Dakika kumi, kisha maswali. Fundi akiuliza "na hicho kichujio nani atakibadilisha?" utaona sura ambazo mtihani hauzitoi.

Alama mimi huzigawa hivi: 40 kwa daftari la kumbukumbu, na humo natafuta hasa mahali walipofuta wazo na kueleza kwa nini. Daftari safi lisilo na kosa napunguza alama, na wale wa namba moja darasani huja kulalamika. Ni 30 kwa uwasilishaji, na 30 kwa jaribio la mtu mmoja mmoja: kijiji kipya, namba tofauti, nusu saa, bila kikundi.

Mkuu wa taaluma akiuliza

Atauliza, na ana haki. Vipindi kumi hivi ni vingi. Mpe orodha ya mada ulizogusa: ugumu wa maji, hesabu za moli, pH, utengano wa michanganyiko, meno na lishe, mbinu za kisayansi zenyewe. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 unadai umahiri na ushahidi wa kutenda, kwa hiyo daftari zile zitakutetea. Ila usifanye zaidi ya tatizo moja kwa muhula. Mimi nilijaribu matatu mwaka mmoja. Mada za mwisho nilizifundisha kwa kukimbia mchakamchaka, na wanafunzi wa kawaida ndio waliolipa.

Safu ya pili ya ubaoni usiifute siku ya mwisho. Ipige picha au iandike kwenye manila uibandike ukutani, pamoja na maswali ambayo hayakupata jibu. Kwangu bado limebandikwa moja la mwaka juzi, kwa mwandiko wa kalamu nyekundu, na ndilo litakalofungua muhula ujao: "Mkaa wa mifupa ukishajaa floraidi, tunaenda kuutupa wapi?"